Hanesi ya wawindaji juu ya mti wa mukumari: miezi ishirini nikirina asali nayo

Nina mizinga mitano karibu na Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, yote imening'inia mitini. Wa chini kabisa uko mita nne kutoka ardhini, wa juu uko mita saba. Kwa miaka kumi na mmoja niliipanda kwa mikono na miguu, kama baba. Baba alianguka kutoka kwenye mvule mwaka 1998 akiwa na ndoo ya masega mkononi, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakushika jembe tena.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nisishushe mizinga chini niikalishe kwenye vigingi. Miwili mingine ya Langstroth, ile ya sanduku lenye fremu, ninayo chini tayari. Lakini nyegere wa huku hawana mchezo, siafu pia, na kundi jipya la nyuki huingia upesi zaidi kwenye mzinga wa gogo ulio juu. Kwa hiyo bado napanda, na kwa kuwa nyuki wetu ni wakali mchana, napanda giza likishaingia.

Hanesi, yaani mikanda ya kujifungia mtini usianguke, nililetewa na mpwa wangu anayeishi Minnesota, Marekani. Kule ni mwindaji. Kila Novemba hukaa juu ya dungu lililofungwa kwenye mti, akingoja kulungu kuanzia alfajiri. Huku kwetu uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na mimi sina haja nao. Ila tulipokuwa tukiongea kwa simu siku moja nikamweleza jinsi ninavyorina, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hiyo kazi yako na yangu ni moja. Sote tunapanda gizani, tunafanya kazi na mikono miwili huku miguu iko hewani. Tofauti ni kwamba mimi nimejifunga."

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kununua kitu mwenyewe. Duka moja la vifaa mjini liliniuzia mkanda wa kiunoni kwa shilingi 2,800, muuzaji akiniapia kwamba ndio hanesi yenyewe. Nilipompigia mpwa picha yake alinikataza hata kuujaribu. Ukianguka ukiwa umefungwa kiunoni tu, mkanda unaweza kukupinda mgongo, kukubana mbavu ushindwe kupumua, au ukageuka kichwa chini ukachomoka. Mwenye duka alikataa kunirudishia pesa. Mkanda ule sasa nafungia mzigo wa kuni, na hilo ndilo linaloufaa.

Hanesi yenyewe ni ya mwili mzima: mikanda miwili ya mabegani, mmoja wa kifuani na miwili ya mapajani. Mgongoni, usawa wa mabega, inatoka kamba fupi yenye karabina, ile pete ya chuma inayofunguka na kujifunga. Imeandikwa kwamba inabeba hadi paundi 300, yaani kilo 136. Mimi nina kilo 74, na ndoo iliyojaa masega haiwezi kunifikisha huko. Ilikuja na vitu vingine vitatu: mkanda wa kuzungusha kwenye shina kama wanaotumia mafundi wa stima kwenye nguzo, kamba ya uhai ya mita tisa, na utepe mdogo uliokunjwa ndani ya kifuko cha pembeni. Huo utepe niliudharau. Nitaurudia.

Jambo moja kuhusu rangi. Hanesi nyingi za wawindaji zina mabaka ya majani. Mpwa wangu alijua kutafuta ya rangi ya kahawia isiyo na mabaka, na nawaomba mnaoagiza mfanye vivyo hivyo. Nchini mwetu raia akionekana na vazi linalofanana na la jeshi anajitafutia kesi, na kando ya Msitu wa Kakamega, usiku, hutaki askari wa wanyamapori akudhanie wewe ni jangili.

Sasa kamba ya uhai, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu. Nilidhani hanesi ni ya kukulinda ukishafika juu. Nilipanda mara ya kwanza nikiwa nimeivaa vizuri, karabina inacheza mgongoni haijashikwa na chochote, nikafika mzingani ndipo nikajifunga. Mpwa alipoiona ile video alinigombeza kwa heshima lakini alinigombeza. Wawindaji wengi wanaoanguka, alisema, hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, au wakihamisha mguu kutoka ngazini kwenda kwenye dungu. Nikamkumbuka baba. Alikuwa anashuka.

Kamba ya uhai inafungwa juu ya mzinga na kushuka hadi chini, nayo inafungwa tena kwenye mzizi au shina isipepee. Juu yake kuna kikamba chembamba kilichozungushwa mara tatu, hilo ndilo fundo la Prusik, la yule mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Unalisukuma kwa mkono na linapanda bila kusita. Ukilivuta ghafla kwa uzito wa mwili, linauma kamba na haliendi popote. Karabina inaingia kwenye kitanzi cha hilo fundo. Kila hatua mbili ninazopanda, mkono mmoja unalisukuma fundo hadi lipite kichwa changu. Siku za kwanza nililiona linanichelewesha. Baada ya mavuno mawili mkono ulikuwa unaenda wenyewe, hata sikumbuki nikilisukuma.

Kosa ambalo nimewaona vijana wawili niliowaazima hanesi wakilifanya ni kuliacha fundo chini ya mabega. Kamba fupi ikilegea kwa urefu wa mkono, utaanguka urefu huo wote kabla haijakushika, na mshtuko wake ni mwingine kabisa. Inatakiwa ukiketi au ukichuchumaa, kamba iwe imenyooka tayari.

Tatizo ni yule wa kwanza kupanda kuifunga. Hapo ndipo unatumia ule mkanda wa mafundi wa stima: unauzungusha kwenye shina, unauegemea, unaupandisha kidogo kidogo. Kwenye mukumari na miti mingine ya unene wa kawaida unatosha vizuri. Kwenye mvule wangu haukuzunguka hata nusu. Nilihangaika jioni nzima, mwishowe nikaamua kwamba mzinga wa mvule utashuka. Nimeuhamishia kwenye mukumari mwingine, na nyuki wala hawakulalamika, kwa sababu maua ya mukumari wanayapenda kupita kiasi.

Wawindaji wanaiacha kamba ya uhai mtini msimu mzima. Mimi siwezi. Jua letu na mvua ya kila alasiri vitaimaliza, na nikiiacha wiki moja nitaikuta imefunga ng'ombe wa mtu. Kwa hiyo kila mavuno naifunga na kuifungua upya, na hiyo ni dakika ishirini zaidi. Nilimwuliza mpwa kama naweza kutumia kamba ya katani ya sokoni nikaiacha huko, hasara yake ni ndogo. Alikataa katakata. Inaoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Mwezi wa pili mwaka jana nilianguka.

Ilikuwa yapata saa mbili usiku, kwenye mukumari wa mita sita. Nilikuwa na ovaroli ya nyuki, hanesi juu yake, tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu (nyuki hawauoni wekundu), na mdogo wangu akiwa chini. Nilikuwa nimeshashusha ndoo ya kwanza kwa kamba. Ndoo haipandi wala haishuki na mtu, inavutwa, kama wawindaji wanavyovuta bunduki zao zikiwa hazina risasi. Nikageuza mguu wa kulia kutafuta tawi nililolikanyaga miaka yote, na lile tawi likaniachia. Ganda lilikuwa limelowa ukungu.

Sikusikia kelele yoyote isipokuwa sauti ya nyuzi kukatika mgongoni: trrrr. Nikasimama hewani. Baadaye nilielewa kwamba kwenye kamba fupi kuna sehemu iliyokunjwa na kushonwa kwa nyuzi zinazokatika makusudi, ili nguvu ya kuanguka iishe humo na isiishie kwenye uti wako wa mgongo. Fundo lilikuwa juu ya kichwa changu. Kama lingekuwa chini kidogo ningeanguka zaidi.

Kilichonishangaza ni jinsi kuning'inia kunavyochosha haraka. Mikanda ya mapajani inabana, damu inatuama miguuni hairudi moyoni inavyotakiwa, na nikaanza kuhisi kichefuchefu na kichwa kuwa chepesi. Mtu anaweza kuzimia akiwa ananing'inia hivyo, na akikaa sana anaweza kufa ingawa hakugusa chini. Ndipo nikaukumbuka ule utepe wa kifukoni. Nikauchomoa, nikautumbukiza mguu, nikasimama juu yake kama mtu anayesimama kwenye kikanyagio cha baiskeli. Miguu ikapata pumzi. Nilibadilisha mguu mmoja na mwingine huku mdogo wangu akisogeza ngazi. Alinifikia baada ya kama dakika sita. Nilikuwa nimeumwa na nyuki mara tisa na paja lilivilia damu wiki mbili. Basi. Asubuhi nilikamua ng'ombe.

Hapo ndipo palipoingia jambo gumu. Kijitabu kinasema hanesi iliyokwisha kumshika mtu anayeanguka isitumike tena, yote, hata kama inaonekana nzima. Na ilionekana nzima kweli! Mikanda ilikuwa safi, vifungo vilikuwa sawa, ni zile nyuzi tu zilizokatika. Mama watoto alisema tushone kwa fundi wa viatu. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, alinipa shilingi 1,000 palepale anunue kwa ajili ya kijana wake anayepogoa miti ya watu. Nilikaa nayo siku tatu. Kisha nikachukua kisu nikaikata vipande, kwa sababu ningeiacha nzima kuna mtu angeivaa, na huyo mtu angepanda akiamini amefungwa. Mzee alinikasirikia mwezi mzima. Tulielewana siku nilipompeleka chini ya mukumari nikamwonyesha zile nyuzi na kumweleza zinafanya kazi gani.

Ya pili nilinunua kwa pesa zangu, kama dola tisini, ikaja kwenye mzigo wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Ndiyo ninayoitumia sasa, na ni ya aina ileile.

Inayo kasoro, na kwa sisi wa nyuki ni kasoro za kweli. Kubwa ni kwamba kamba fupi inatokea nyuma ya shingo, mahali palepale kofia ya wavu inapoangukia. Ikivutwa inaubandika wavu kwenye shingo na mashavu, na nyuki anakuchoma kupitia hapo. Nimepunguza tatizo kwa kuvaa kofia ngumu yenye ukingo mpana chini ya wavu, lakini halijaisha. Pili, mikanda ni ya plastiki na kifukizo kinarusha cheche. Nina tundu moja dogo kwenye mkanda wa paja la kushoto, na tangu hapo kifukizo nakitundika upande mwingine wa shina. Kama tundu lingekuwa begani ningeitupa. Tatu, gundi ya nyuki inaingia kwenye vifungo, vinagoma. Navisafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kikucha. Usitumie petroli wala dizeli kwenye mikanda.

Kwa wanaopogoa miti: hanesi inafaa, ila panga lisikaribie kamba ya uhai. Tumia msumeno wa mkono, kata upande ambao kamba haipo, na msumeno wa injini (power saw) uache chini kabisa. Kamba iliyokazwa na uzito wa mtu inakatika kwa mguso mdogo wa makali.

Simu naiweka mfuko wa kifuani, kwa sababu ukining'inia mfuko wa suruali uko chini ya mkanda wa paja na huufikii. Na kama hakuna mtu wa kusimama chini na ngazi, mimi jioni hiyo sipandi, asali itangoja. Hanesi inakuzuia usifike chini. Kukutoa hewani ni kazi ya mtu.

Kitu nilichopata ambacho sikukitarajia ni utulivu. Zamani nilikuwa navunja masega haraka haraka, hata yenye majana (watoto wa nyuki), ili nishuke. Sasa nachagua. Naacha masega ya majana mahali pake, nachukua yaliyofungwa kwa nta, nafunika mzinga taratibu. Mavuno ya mwezi wa nane nilitoa ndoo tatu safi, na makundi yote matano bado yapo.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeiongeza kama kamba ya mgongoni ingeweza kuhamishwa ipite kifuani, nyuki wakishakasirika.

Mtengenezaji anasema itumike miaka mitano kisha itupwe. Nimeandika mwaka kwa wino usiofutika kwenye lebo ya ndani, na mwanangu wa kwanza, aliyetimiza miaka 19, ameshajua kuusoma. Kabla ya kila mavuno ni yeye anayeitandaza mezani mchana, anapitisha vidole kwenye kila mshono, kisha ananiambia kama leo tunapanda.