Wachora ramani za vifaa pale Mabatini, nawapa nyota nne

Kama unataka kutengenezewa kitu cha chuma hapa Mwanza, wapitie kwanza hawa vijana wa steshenari ya Mabatini wanaochora kwa kompyuta. Mi nilitaka meza ya kuuzia samaki ya bi mkubwa wangu kule Kirumba, ile ambayo juu imeinama maji yashukie nyuma kwa muuzaji, na ukiwaendea mafundi na maneno matupu kila mtu anakutengenezea meza anayoijua yeye.

Swali la kwanza kijana aliniuliza, hii ramani anaisoma nani? Hapo ndo nilipowakubali. Ya kumwonyesha mama akachora isometriki, ile kona inakuja mbele na mistari ya pembeni inapanda nyuzi 30 kila upande, mama akaiona meza yake nzima hata hajaelezwa. Ila akanionya nisimpe fundi hiyo peke yake, kwamba mistari inayofuata zile njia kuu tatu, yaani urefu, upana na kimo, inapimika lakini mteremko haumo kati yao, ukiupima pale unapata urefu wa uongo. Kwa hiyo fundi akachorewa pande tatu, mbele, juu na ubavuni, na ule wa ubavuni ndo unaonyesha mteremko kama ulivyo. Yaani nilielewa kuliko nilivyoelewa shuleni.

Sasa kasoro, na hii waifanyie kazi kweli. Hawakuweka ile alama ya koni iliyokatwa kichwa inayosema ramani ni engo ya kwanza au ya tatu, yaani ile mipango miwili ya kuziweka picha za pande kwenye karatasi. Wao walichora ya kwanza, ubavu wa kushoto unakaa kulia, fundi wangu akaisoma kama ya tatu akajua huo ni ubavu wa kulia, hapo mbele inakuwa nyuma na maji yote yangemwagikia wateja miguuni! Tulishtukia bati halijakatwa, namshukuru Mungu.

Halafu skeli ya 1:10, yaani sentimita 1 ya karatasi ni 10 za meza, waliipanga kwa karatasi ya A3 wakaniprintia A4 ambayo ni nusu yake, ikajipunguza ikawa kama 1:14, kwa hiyo mwambie fundi asome namba zilizoandikwa, rula aiweke kando.

Nililipa elfu 20 na marekebisho hawakunichaji. Ukienda dai A3 na dai alama, na kama kitu chako kina mteremko wowote usikubali kuondoka bila picha ya ubavuni.