Apu ya kutafsiri: nyota tatu, mbili kala papa

Hii apu nimeitumia msimu mzima huku Nungwi, ile ya bure yenye kamera, jina naliacha. Kwa meseji ndefu iko poa kweli. Mgeni anakuandikia gazeti zima, ndege inatua saa ngapi, mtoto hali karanga, sijui kitanda cha ziada, unaelewa kila kitu, na ukishapakua lugha inafanya kazi hata bando likikata.

Shida ni neno moja moja. Mlangoni tuna ubao wa chaki, herufi kubwa, PAPA WA NAZI, basi. Mama mmoja wa Kiitaliano kaelekeza simu pale, kacheka mpaka kakaa chini, kamwita mumewe aje apige picha, kuangalia kwenye skrini imetoka Papa al cocco. Sasa kwa Kiitaliano Papa ndo yule wa Vatican, yaani sisi hapa tunauza Baba Mtakatifu kwenye tui, na wali juu! Ukiweka kile kialama juu ya a ya mwisho, papà, anakuwa baba mzazi, na huyo naye huwezi kumuuza.

Basi nikaanza kuichokoza. Kispanyola cha Mexico au Peru, papa ni kiazi. Kipolandi, na Wapolandi ndo wamejaa huku siku hizi, papa ni ile karatasi ya lami ya kuezekea paa. Hata kwenye Kiswahili cha Kongo papa ni baba. Halafu kuna sisi wenyewe tunaosema "niko papa hapa", hapo ndo ilichanganyikiwa kabisa, ikanitolea samaki. Siilaumu sana, inakisia lugha kwa kuangalia herufi na herufi nne zitaiambia nini, ila ingesema tu kwamba haina uhakika, sio kujibu kwa kujiamini vile.

Nilipozima ile ya kutambua lugha yenyewe, nikachagua Kiswahili kwa mkono na kuandika "mchuzi wa samaki aina ya papa, umepikwa kwa tui la nazi", Waitaliano wakapata squalo, Wapolandi wakapata rekin, safi. Kwa hiyo kama una mgahawa usiipe neno tupu. Toleo la kulipia nalo nimelijaribu, kwenye hili halina tofauti yoyote, hela yako kaa nayo.