League of Extraordinary Gentlemen, kitabu cha kwanza: Quatermain wetu yumo, lakini soma macho wazi

Wale mliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, ama mliikuta kwenye kabati la wazazi kama mimi, jueni kuna komiki ambayo Allan Quatermain yule yule mwindaji wa tembo yumo ndani. Ila mzee amekonda kabisa, amelala kwenye nyumba ya wavuta afyuni kule Cairo na watu wote wanaamini alishakufa. Hapo tu kitabu kilinishika.

Mwandishi ni Alan Moore, mchoraji Kevin O'Neill (marehemu sasa, alifariki 2022), na ilianza kutoka vipande vipande 1999, sehemu sita, halafu zikaunganishwa kuwa kitabu kimoja. Mimi nimepata kopi ya mtumba hapa Kampala kwa elfu sabini, kava imekunjika kidogo lakini kurasa zote zipo, na kwa kitabu cha rangi karatasi nzuri namna hii sioni kama nimepigwa bei.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1898. Serikali ya Uingereza inataka kikosi cha siri, na badala ya kuchukua askari inaokota watu walioharibikiwa, na wote wametoka kwenye riwaya za zamani zile. Mina Murray wa Dracula, ile riwaya ya mnyonya damu, ameachika na mumewe na hatoi skafu shingoni hata kukiwa na joto (aliyesoma Dracula anajua sababu). Quatermain. Nahodha Nemo na nyambizi yake Nautilus. Daktari Jekyll ambaye akikasirika anageuka Hyde, hapa Hyde ni jitu kubwa kama sokwe wa Bwindi. Na Griffin, yule mtu asiyeonekana wa H. G. Wells. Wanatumwa kutafuta kitu kinaitwa cavorite, ambacho kinakata nguvu ya mvutano wa dunia na kufanya vyombo viruke, kimeibwa na kiko mikononi mwa bwana mmoja wa Kichina upande wa Limehouse, London. Bosi wao wanamjua kwa herufi moja tu, M. Siwaambii M ni nani, hiyo mkaione wenyewe.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba Mina ndo kiongozi. Hana nguvu yoyote ya ajabu, harushi ngumi, hana bunduki, anatumia akili na ulimi, na wale wanaume wote wa kutisha wanaishia kumsikiliza. Yeye ndo anamtoa Quatermain kwenye afyuni, na kila Quatermain akijaribu kumwelekeza kama mtoto anapata jibu lake pale pale. Na mzee naye anarudi taratibu kuwa mtu, hakuna miujiza, ukurasa huu anatetemeka ule mwingine anashika bunduki vizuri kidogo, nilikuwa namwombea kabisa. Kumbukeni kwenye riwaya ya 1887 iitwayo Allan Quatermain aliondokea Lamu, akapanda mto Tana, wakapigana na Wamaasai, na mwisho akafa. Moore anasema kile kifo kilikuwa uongo wa mzee mwenyewe kujificha. Mimi nimekubali.

Nemo ndo nilimpenda zaidi. Filamu nyingi zinamweka mzungu mwenye ndevu, lakini Jules Verne mwenyewe, aliyemtunga, alishasema kwenye kitabu cha baadaye kwamba Nemo ni mwana wa mfalme kutoka India, Prince Dakkar, aliyepigana na Waingereza wakati wa yale maasi ya 1857. Hapa O'Neill amemchora na kilemba chake na panga lake, na Nautilus ameipa umbo la ngisi mkubwa, ile picha inapotokea bandarini Cairo tulia uiangalie, usiharakishe. Na Nemo hafichi kwamba anawachukia Waingereza hata akiwa anawafanyia kazi. Mimi nikisoma nilikuwa nawaza kwamba huo huo 1898 Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikuwa bado hajashikwa huku kwetu, Waingereza walimkamata pamoja na Mwanga wa Buganda Aprili 1899 wakawapeleka Seychelles, na reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inajengwa na vibarua waliotolewa India hiyo hiyo ya Nemo. Kwa hiyo serikali ile ya kwenye komiki, inayotumia watu halafu haiwaambii ukweli, kwangu haikuwa hadithi ya mbali. Moore anaijua vizuri na anaipiga, kila bwana mkubwa wa serikali humu ana harufu mbaya.

Sasa tuje kwenye yanayouma, manake yapo na nayasema kwa uzito.

Kwanza, Waarabu wa Cairo karibu wote ni wabakaji na watu wa visu, na yule bwana wa Kichina ni picha ile ile ya zamani ya Mchina shetani. Watetezi wanasema Moore anaonyesha tu namna vitabu vya wakati ule vilivyoandika watu wasio wazungu. Sawa, nimewasikia, lakini kuonyesha ubaya bila kumpa hata mmoja wa watu hao sura ya kibinadamu mwisho wake ni kuurudia tu. Hata maneno ya Waarabu yameandikwa kwa Kiarabu bila tafsiri, ile ni kazi safi kwa upande mmoja kwa sababu msomaji anabaki gizani sawa na Mina, na aliyepita madrasa angalau atasoma herufi, ila pia inafanya wale watu wabaki kelele tu.

Pili, na hii imeniuma zaidi: Mwafrika yuko wapi? Rider Haggard, mwandishi wa riwaya za Quatermain, pamoja na ukoloni wake wote, alimpa Quatermain wenzake Waafrika wazito. Umbopa, yule mtumishi wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kumbe ndo mfalme mwenyewe, na Umslopogaas, mpiganaji wa Kizulu, na shoka lake ni shujaa kuliko wazungu wote aliotembea nao. Moore alikuwa na watu hawa wote mezani, akamchukua Quatermain peke yake na kuacha wengine. Timu ina Mhindi mmoja, basi. Kwa mtu aliyeanzia Mashimo ya Mfalme Sulemani hilo pengo linaonekana toka mwanzo mpaka mwisho.

Tatu, Griffin. Wanamkuta shule ya wasichana ambako amekuwa akiwaingilia usiku bila kuonekana, na kitabu kinalipitisha jambo hilo kama kichekesho. Si kichekesho, ni ubakaji wa wanafunzi. Wazazi, nawaomba sana, msione katuni mkadhani ni ya watoto. Kuna damu, kuna uchi, kuna hayo. Mpe mtu mzima.

Michoro jamani. O'Neill anachora kwa pembe pembe, nyuso zimechongoka, majengo ya London yamebanana mpaka angani, na miaka ya themanini kule Marekani bodi iliyokuwa inakagua komiki iliwahi kukataa mtindo wake wote, si picha moja, mtindo wenyewe. Humu kila kona ina kitu, bango, jina la duka, sura ya mtu kutoka riwaya nyingine, mimi nimerudia kurasa za Paris na nikamkuta mzee Dupin, mpelelezi wa hadithi za Edgar Allan Poe, anawasaidia kumsaka Hyde. Nyuma kuna hadithi ndefu ya maneno matupu kuhusu Quatermain, herufi ndogo sana na lugha ya kujikunja, niliichoka katikati na sikuona hasara.

Ile filamu ya 2003 ya Sean Connery, ambayo wengi tuliiona kwenye kibanda na VJ anatafsiri kwa Luganda, msiipime na kitabu. Filamu ilimfanya Mina mnyonya damu, ikampokonya uongozi ikampa Quatermain, ikaingiza na Tom Sawyer asiyekuwepo kabisa.

Kiingereza chake ni kizito kidogo, cha kizamani, lakini picha zinakubeba. Si lazima uwe umesoma riwaya zote, ukijua Quatermain na Dracula tu unaenda vizuri, mengine utayapata njiani. Mimi naipa nne kwa tano, ile moja nimeitoa kwa Griffin na kwa Umslopogaas.

Kitabu cha pili nimeshaagiza, kinaanzia kwenye sayari ya Mars halafu wale viumbe wa Mars wa H. G. Wells wanashuka Uingereza, na walionitangulia wanasema Hyde humo ndo anatisha kweli kweli, kwa hiyo mwenye roho nyepesi aishie hiki cha kwanza.