Bi Wakili wa ghorofa ya 3: nyota 4 kati ya 5

Jina lake silitaji, mwenyewe amenikataza. Ofisi iko Mombasa, upande wa Nkrumah Road, si mbali na mahakama, kwenye jengo la zamani lenye ngazi za mbao. Lifti hakuna. Mwenye chuma mguuni kama mimi azipande taratibu, na afike kabla ya saa 3 asubuhi, maana baada ya hapo Bi Wakili huwa kortini na wewe utakaa benchini mpaka adhuhuri. Mara ya kwanza nilikaa hivyo hivyo, redio ya karani ikinipigia kelele masikioni. Nyota niliyoikata ni hiyo.

Mie ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo. Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, matatu ilipanda ukingoni mwa barabara karibu na soko la Kongowea ikanivunja mguu wa kulia, ule ninaokanyagia pedeli. Kanzu za Idi nilizokuwa nimeshazikata zilirudi kwa wenyewe zikiwa vipande. Nyumbani nikahesabu madeni: sacco 380,000, vitambaa vya mkopo Biashara Street 145,000, shemeji 90,000, mikopo ya simu 62,000, kodi ya kibanda miezi 5 elfu 60. Jumla 737,000, nami nimelala na mguu juu ya mto.

Wakili wangu wa kwanza alikuwa mwingine. Aliletwa na kijana mmoja nikiwa bado wodini, hata sijui nani alimtuma. Baada ya miezi akaniletea vocha ya bima, karatasi moja tu: laki 6 na nusu, malipo ya mwisho, sina dai tena. Akanipa na kalamu.

Nikamwambia nitaisoma nyumbani. Si kwamba nilikuwa mwangalifu, la. Nilikuwa na hila yangu. Binamu yangu yuko Columbus, Marekani, aliniambia huko mtu anafilisika kisheria, madeni yanafutwa, na pesa ya ajali anaachiwa. Nikapanga: kwanza niombe mahakama initangaze mufilisi, kisha nichukue pesa ya mguu wangu nianze upya. Nilijiona nina akili sana. Kilichonipeleka kwa Bi Wakili ni kutaka tu anijazie fomu.

Alinitoza 3,000 akaniuliza swali moja: "Fundi, uligongwa lini?" Nikamwambia. "Basi mali unayo tangu siku hiyo."

Sikumwelewa. Akasema haki ya kudai fidia ni mali hata kama shilingi haijaingia mkononi. Sheria yetu ya Ufilisi ya 2015 ina njia ya asiye na mali, ya mwenye madeni kuanzia laki 1 hadi milioni 4, ambaye baada ya miezi 12 madeni yake hufutwa. Ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Lakini mwenye dai la laki 6 na nusu hawezi kuapa kwamba hana kitu, na akificha akajulikana, ameharibu kila kitu. Njia nyingine ni ufilisi wenyewe. Hapo mali yako inaingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi, na kitakachokujia kabla hujaachiliwa kinamfuata yeye pia. Kuachiliwa ni baada ya miaka 3. Na muda wote huo huwezi kugombea ubunge, akaniambia bila kucheka. Nikamjibu hilo halitaniumiza.

"Na cherehani yangu?" Hilo ndilo lililonitia baridi. Akasema vifaa vya lazima vya kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani mufilisi huachiwa, kwa kiwango. Nikapumua.

Kuhusu binamu, alisema hata Marekani mambo si mepesi hivyo. Huko nako dai la ajali iliyotokea kabla ya kufungua ufilisi linaandikwa kwenye orodha ya mali, limelipwa au halijalipwa. Sehemu unayoachiwa ina kikomo, na majimbo mengi yana orodha zao wenyewe. Anayenyamaza anaweza kuipoteza kesi yenyewe. "Mwambie binamu yako asome mpaka mwisho," akasema.

Kisha akaniomba daftari langu la vipimo. Kwenye ukurasa wenye vipimo vya kanzu ya mteja akachora mifuko miwili. Huu wa kifuani, akasema, ni wa maumivu yako: mguu, usingizi uliokosa, kuchechemea kwako. Huu wa ubavuni ni wa pesa ulizopoteza, yaani hospitali, dawa, kazi ambayo hukufanya. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, kwenye kesi ya Ord na Upton ya 1999, iliamua kwamba mtu akifilisika, mfuko wa ubavuni unakwenda kwa wadai, na wa kifuani msimamizi anaushika kwa niaba ya mwenye mwili. Hukumu ya kule haiifungi mahakama ya Kenya, ila majaji wetu wanaweza kuisikiza. Akaigonga vocha yangu kwa kidole: "Sasa nionyeshe mifuko hapa iko wapi." Haikuwapo. Ilikuwa gunia moja.

Ukurasa ule ninao hadi leo. Mteja wa kanzu ilibidi nimpime tena.

Ningeweza kuishia hapo niombe ufilisi vile vile, mfuko wa kifuani ubaki wangu. Lakini aliniuliza nani walinidhamini sacco. Wawili: mzee wa kibanda cha pili, na fundi mwenzangu wa Kisauni aliyeniuzia mashine ya kwanza kwa kulipa kidogo kidogo. Akaniambia nikisamehewa mimi, wao hawasamehewi. Sacco itageukia akiba zao. Yule mzee alikuwa akinibebea chai hospitalini kila Ijumaa, akipanda matatu mbili. Nikaiacha ile fomu mezani.

Vocha ilirudi kwa bima kupitia wakili wa kwanza, aliyenuna wiki nzima. Ikaja nyingine, jumla ile ile, imegawanywa: 430,000 ya maumivu, 220,000 ya gharama na kazi iliyopotea. Bi Wakili alisema nikilemewa siku za mbele, karatasi hiyo itakuwa na kazi. Wakili wa kwanza akakata zake, nikabaki na 540,000.

Wadai watano wakapata barua ya Bi Wakili siku moja, hata shemeji, kwa sababu Bi Wakili hakutaka nimtangulize mtu kimyakimya. Nikija kufilisika, malipo ya namna hiyo yanaweza kurudishwa. Wanne niliwamaliza. Sacco nikawapa laki 1, iliyosalia wakanipangia elfu 9 kwa mwezi. Kwa chenji nikafunga mota ya umeme kwenye cherehani, sasa nabonyeza kidogo tu.

Lawama ninayo. Kila barua alinitoza 2,000 na hakunitajia mapema, nikashtukia 10,000 kwenye risiti. Risiti alitoa, sikatai, lakini mtu aliyekwenda kulia madeni aambiwe bei kabla.

Mkienda, chukueni abstrakti ya polisi (karatasi yao ya kuthibitisha ajali), fomu ya P3 (ile ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha), risiti zote za hospitali, orodha ya madeni pamoja na yale ya aibu, majina ya wadhamini, na vocha ya bima ikiwa bado haina sahihi.