Kapu la kupikia: miezi saba nalo jikoni, nawaambia ukweli

Jamani kila anayeingia jikoni kwangu huuliza hili kapu ni la nini na kama lapika kweli ama ni pambo, sasa leo nimekaa niandike yote. Ni kapu la miyaa, lile lile la kwendea sokoni, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku huku Kenya Agosti 2017 makapu yamerudi kila pembe. Hili ndani limeshonewa mto mnene wa sufi na kitambaa cha leso, alafu lina mto mwengine wa kufunika juu. Nilinunua kwa mama mmoja auzaye mikeka na makawa karibu na soko la Marikiti hapa Mombasa, aliniitisha 2,500 tukavutana weee mpaka 1,800. Na ni sufi ya msufi kabisa, ya mito ya bibi zetu, si sponji, hilo ndo lilonifanya nitoe pesa manake sponji ikichakaa yaishia jaani ama baharini na bahari yetu imechoka.

Kazi yake ni rahisi. Wachemsha chakula kwa gesi kama kawaida, kikishachachamaa watoa sufuria na kifuniko chake, watia ndani ya kapu, wabandika mto juu, waenda zako. Joto halina pa kutokea basi chakula chajiiva chenyewe. Maji yakishachemka ni digrii 100, hata uongeze moto vipi hayapandi tena, ule moto wote wageuka mvuke na kutoka dirishani, na gesi ni pesa.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuwepo. Akaniuliza "mwanangu, maharagwe yataivaje bila moto?" nikamwambia mama tuyangoje kidogo, yakikataa nayarudisha. Nilikuwa nimeyaroweka usiku kucha, nikamwaga yale maji, nikayachemsha kwa maji mengine dakika 20, saa saba mchana yakaingia kapuni. Saa kumi na moja nikafungua, mvuke ukanipiga usoni, sufuria haishikiki bila kitambaa, nikatoa haragwe moja nikalifinya kwa vidole likasagika na ganda lake. Mama naye akatoa lake akalifinya, hakusema neno, akavuta mbuzi akaanza kukuna nazi.

Ila maharagwe mekundu msiyafanyie haraka, lazima yatokote sana dakika 10 na zaidi kabla hayajaingia kapuni, yana sumu ambayo haifi kwa joto dogo na tumbo litakuuma vibaya.

Mtungi wangu wa kilo 6 ulikuwa ukijitahidi wiki 3, saa hii wafika 5. Lakini kilonifurahisha zaidi ni joto, nyumba yangu Majengo ina kijidirisha kimoja jikoni na msimu wa kaskazi kupika mbaazi kwa masaa mawili ilikuwa ni kukaa ndani ya tanuri, watoto walikuwa wakikimbilia nje, sasa jiko lazimwa mapema na tunakaa. Na maji pia, hayakauki kwa hivyo natia machache, na sie huku mferejini yatoka kwa bahati, twanunua ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, kila kikombe nakihesabu.

Wali wa nazi watoka vizuri, maji yakikaribia kukauka badala ya kupalia makaa juu natia kapuni nusu saa, punje zimeachana, laini. Ukoko ndo hakuna, na nyumbani kwangu ukoko hugombaniwa, basi siku ya wageni narudi kwa makaa yangu.

Mahali liliponiangusha ni mbaazi za usiku. Nilitaka niamke nitie tui tu tule na mahamri, nikaziacha kuanzia saa tatu mpaka alfajiri, kufungua ziko vuguvugu na povu, zimechacha, nikamwaga sufuria nzima na moyo uliniuma sana. Joto hili la Mombasa si la kuchezea. Sasa sipitishi masaa manne, na nikitoa lazima nichemshe tena kabla ya kula. Sufuria nusu pia haifai, yapoa upesi, ijaze. Na ukitumia makaa pangusa masizi kwanza, kile kitambaa cha ndani hakitoki kwa urahisi kufuliwa, natamani yule mama aliyeniuzia angekiwekea vifungo.

Ukienda kununua beba sufuria yako uipimie pale pale. Yangu kubwa ya mikono miwili haikuingia, ikabidi mama wa watu alifumue ubavu na kulishona tena mbele yangu, na hakunidai kitu kwa hiyo kazi.