Uzoefu wangu na chemli ya Feuerhand 276 niliyostaafu nayo

Ni ile ndogo ya Kijerumani, imegongwa "W. Germany" kwenye bati, na ubavuni mwa tangi ina namba ya stoo ya kazini iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Namba hiyo usiiguse. Ukiisugua taa kwa msasa ili ing'ae, unaondoa zinki pamoja na kumbukumbu yenyewe, na masika hayaishi kabla haijashika kutu. Kitambaa chenye mafuta ya taa kinatosha.

Tangi lake linaingia mililita 340, zinazowaka saa 20 hivi. Usijaze hadi mdomoni: mafuta yakipata joto hutanuka na kuchuruzika, ukadhani tangi limetoboka. Petroli usithubutu kuitia. Kwa kutu ya ndani nilitia siki na nati ndogo kumi, nikatikisa, nikaacha saa mbili, nikasuuza na kuanika juani. Nati zihesabu zikiingia na zikitoka. Siki isilale humo usiku kucha, maana ikimaliza kutu inahamia kwenye bati zima.

Kinachosumbua kuliko vyote ni moshi. Unaweka utambi mpya, unafuta chemni, yaani kioo chake, bado masizi! Watu wengi hulaumu mafuta. Kagua kwanza yale mabomba mawili ya pembeni, kwani ndiyo yanayopeleka hewa chini kwenye moto, na taa ikikaa muda mrefu bila kuwashwa nyigu hujenga humo kwa udongo. Bomba moja likiziba, moto unakuwa mwekundu na kulalia upande mmoja. Waya wa breki ya baiskeli unapinda vizuri kwenye kona. Sukuma, kung'uta, rudia.

Utambi ukate kwa mkasi mkali, unyooke, kisha punguza ncha mbili za pembeni kidogo tu. Ukiwa mpya, subiri nusu saa unywe mafuta, la sivyo utaungua pamba. Washa moto ukiwa chini, upandishe baada ya dakika tano.

Chemni yake ya asili, yenye maandishi ya Suprax, yaani kioo kinachostahimili joto, nimeifungia kabatini. Natumia ya dukani, ambayo ni nyepesi na tone moja la mvua linaipasua, ila hiyo hainiumizi roho.

Kama yako ni ya pambo, mwaga mafuta yote. Yakilala miezi huganda kama gundi, na kile kigurudumu cha kupandishia utambi hakizunguki tena.