Umekatwa bima ya gari mara mbili: nani anarudisha pesa, nani anakuzungusha

Bima ndogo ya gari binafsi Tanzania, ile inayolipia madhara kwa watu wengine tu, ni shilingi 118,000, yaani laki moja ya bima yenyewe na 18,000 ya VAT. Wengi wakikatwa mara mbili huiacha ya pili iende, maana nauli na siku za kuifuatilia zinakaribia kuimeza. Bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, ni habari nyingine. Gari la milioni 20 kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni 700,000, ukiweka VAT inafika 826,000, na hiyo hakuna anayeisamehe. Tunachopima hapa ni milango ya kuidai: wakala, dawati la simu la kampuni, kaunta ya makao makuu, mtandao wa simu, benki, na wasuluhishi.

Kabla ya kugonga mlango wowote, jibu swali moja ambalo wahudumu wengi hawakuulizi. Umelipa mara mbili kwa bima moja, au umejikuta na bima mbili? Kwa mteja yote ni "nimekatwa mara mbili". Kwa kampuni ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yake ni pesa nzima.

Kujua ni rahisi. Fungua tovuti ya TIRAMIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ingiza namba ya gari, kisha linganisha namba za stika na kava noti (hati ya bima yako) na zile ulizotumiwa. Kava noti ikiwa moja na meseji za malipo mbili, hayo ni malipo ya ziada: unadai yote, bila makato. Kava noti zikiwa mbili zenye namba tofauti, una mikataba miwili, na kampuni itataka kuufuta mmoja kwa masharti ya kufuta. Hapo ndipo watu wanapoliwa.

Malipo ya ziada kwanza, maana ndiyo ya kila siku. Mtandao unasuasua, unaweka namba ya siri, skrini inaganda, meseji haiji, unarudia. Baada ya muda zinaingia mbili kwa mpigo. Au wakala amerekebisha herufi moja ya jina, mfumo ukatoa namba mpya ya malipo, nawe ukalipa ya zamani na mpya. Pesa ya pili haijapotea. Imekaa kwenye akaunti ya kampuni, katika kapu la malipo yasiyotambulika, kwa sababu mfumo haujapata bima ya kuishikiza. Itakaa humo mpaka mtu wa uhasibu aitoe kwa mkono, na hataitoa bila namba ya muamala. Si picha ya meseji iliyokatwa nusu. Namba yenyewe, tarehe, saa, kiasi, na namba ya simu iliyolipa.

Ndiyo maana mtandao wa simu ni mlango dhaifu kwa kesi hii. Ukituma pesa kwa mtu kimakosa, mtandao unaweza kuizuia kabla hajaitoa. Malipo ya bili ni kitu kingine: yakishafika kwa kampuni, mhudumu hawezi kuyavuta bila kampuni kukubali. Kazi yake nzuri ni moja, kukupa taarifa ya miamala inayoonyesha makato yote mawili na kama yalikamilika. Muamala mmoja ukisomeka haukukamilika, subiri siku moja ya kazi kabla ya kuhangaika, kwa kuwa mingi ya aina hiyo hurudi yenyewe.

Wakala ndiye mlango wa karibu, na ndiye anayechelewesha kuliko wote. Si lazima awe mwizi. Alilipwa kamisheni kwenye mauzo yale. Pesa ikirudi kwako, kamisheni inakatwa kwake. Kwa hiyo utasikia "tutakupunguzia mwakani". Usikubali kwa mdomo. Mwakani huenda gari umeuza, wakala amehamia kampuni nyingine, na karani mpya hana habari na ahadi ile. Ukiridhika nayo kweli, taka krediti noti ya kampuni, yaani hati inayokiri kwamba pesa hiyo ni yako, yenye jina lako na kiasi. Kuna tatizo jingine la wakala ambalo watu hawalifikirii: kama ulimpa pesa taslimu naye akalipa kwa simu yake, kwenye vitabu vya kampuni mlipaji ni yeye, na marejesho mara nyingi hurudishwa kwenye namba iliyolipa. Andika kwenye barua kwamba unaomba yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la mwenye bima, na umfanye wakala atie saini kwamba hadai kitu.

Dawati la simu la kampuni tunalipa alama mbili kati ya kumi. Wanapokea vizuri, wanasema pole, wanafungua tiketi. Lakini aliyeshika simu haoni akaunti ya malipo yasiyotambulika. Anachofanya ni kupeleka ujumbe uhasibu, uhasibu wanajibu "leta vielelezo", na jibu linaishia kwenye tiketi ambayo hukuisoma. Piga ili upate namba ya tiketi tu, basi.

Kaunta ya makao makuu, au ofisi ya kanda kama uko mkoani, ndiyo inayofanya kazi. Usiombe huduma kwa wateja. Ulizia anayeshughulikia marejesho upande wa uhasibu. Nenda na barua ya ukurasa mmoja, nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi ya gari, kava noti, risiti za EFD zote ulizopewa, taarifa ya miamala, na namba ya akaunti. Nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna kitu mkononi siku ukitaka kupanda ngazi.

Risiti ya EFD ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama kampuni ilitoa risiti kwa malipo yote mawili, VAT ya malipo ya pili nayo imeshahesabiwa, na mhasibu lazima atoe krediti noti ili aiondoe. Ritani ya VAT hupelekwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ombi likiingia mapema, rekebisho ni jepesi; likiingia baada ya ritani kwenda, linawezekana bado, ila sasa linahitaji saini zaidi, na hapo ndipo "faili liko kwa bosi" huanza. Wakikurudishia bima bila VAT, kataa. Kwa 826,000, hiyo ni 126,000 inayobaki kwao bila sababu.

Sasa bima mbili. Hii inawapata sana wenye magari ya mkopo: mwenye gari amekata bima kwa wakala wake, na benki nayo, kwa mujibu wa mkataba wa mkopo, imekata nyingine na kutoa pesa kwenye akaunti yake. Chukua gari letu la milioni 20, umegundua siku ya 20. Mikataba mingi ya bima ya gari inasema mteja akifuta mwenyewe, kampuni hubakiza kiwango cha muda mfupi, na kwenye jedwali linalotumika sana muda usiozidi mwezi mmoja ni robo ya bima. Robo ya 700,000 ni 175,000. Ikihesabiwa kwa siku ulizotumia tu, 20 kati ya 365, wanabakiza kama 38,356. Tofauti ni zaidi ya 136,000, na iko kwenye neno moja la barua yako. Ukiandika "naomba kufuta bima", umejipeleka mwenyewe kwenye jedwali. Andika kwamba bima ya pili ilitolewa kimakosa juu ya gari lililokuwa na bima hai, na unaomba ibatilishwe tangu siku ya kwanza. Kama zote mbili ni za kampuni moja, hoja hii ni ngumu kuipinga, kwa sababu gari likigongwa wasingelipa mara mbili. Zikiwa za kampuni tofauti, watakuvutia kwenye jedwali. Bado omba hesabu ya siku. Na kama umeshadai fidia kwenye bima hiyo, usitegemee kurudishiwa.

Ipi ifutwe? Usikimbilie ile ya benki. Benki imeandikwa humo kama mwenye maslahi, na ukiifuta wanaweza kukata nyingine kesho yake. Ama futa ya wakala, ama ipeleke ya wakala benki ikiwa imeongezwa jina la benki, wakubali kwa maandishi, ndipo ya kwao iondoke.

Ulilipa kwa kadi? Hapo benki ni mlango mzuri kuliko watu wanavyodhani. Muamala uliorudiwa una kundi lake kwenye taratibu za pingamizi za Visa, na dirisha ni siku 120. Jaza fomu ya pingamizi tawini, usiseme "nimeibiwa", sema "muamala umechakatwa mara mbili", na uambatanishe kava noti moja. Kwanza hakikisha yote mawili yamekatwa kweli. Mengine ni pesa iliyoshikiliwa tu, nayo huachiwa yenyewe.

Kampuni ikikaa kimya, ngazi inayofuata ni malalamiko ya maandishi TIRA, na baada yake Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wote wataanza kwa kuuliza kampuni ilikujibu nini, ndipo ule muhuri unapolipa. Mara nyingi barua yenye nakala kwa TIRA inatosha kuitoa pesa kabla hata TIRA hawajafungua bahasha.

Pesa ikishaingia, rudi TIRAMIS uangalie namba ya gari. Karani akifuta anaweza kukosea akaondoa bima uliyotaka ibaki, na utakayemsikia kwanza ni trafiki barabarani na faini yake ya 30,000.